Mwanga Uwe Wako, Tukio Lisiwe Lako



Mmezoea kusikia, mwishoni mwa matangazo ya biashara, maneno manne yanayotamkwa mbiombio kuliko mengine yote: vigezo na masharti kuzingatiwa. Leo naomba tuyasome masharti hayo polepole, na nimechagua uwanja mmoja tu, mashindano ya picha za usiku. Vijana wengi wa Afrika Mashariki sasa wanatembea na kamera ndani ya simu, na usiku ndio wakati ambao kanuni za picha huzua ugomvi mkubwa zaidi. Mchana jua linatutosha sote. Usiku mpigapicha analazimika kuamua atumie mwanga gani, kwa muda gani, na akifika nyumbani arekebishe nini. Kila uamuzi wa namna hiyo unagusa kifungu fulani cha kanuni, na mtu anaweza kuenguliwa bila kujua alikosea wapi.

Ili tusizungumze hewani, twende Kansanga, katika tarafa ya Makindye, jijini Kampala. Ukishapita Kabalagala kwa Barabara ya Ggaba, kabla hujafika Bunga, hapo ndipo Kansanga. Barabara hiyo inaendelea mpaka Ggaba, kwenye ukingo wa ziwa ambalo Waganda wanaliita Nalubaale. Tangu 2001 pale Kansanga pana Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala (KIU), chenye wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Somalia na Sudan Kusini, na mitaa ya jirani imepokea Waeritrea wengi. Kwa hiyo Kiganda, Kiswahili, Kiingereza, Kitigrinya na Kiarabu husikika katika foleni moja ya kununua chakula. Giza likiingia, wachuuzi hupanga nyanya, ndizi na nguo za mitumba kando ya barabara, katika yale masoko ya jioni ambayo watu wa Kampala huyaita toninyira mukange. Wengine huwasha tadooba ya mafuta ya taa, wengine taa za LED za kuchaji. Bodaboda hupita bila kukoma. Mpigapicha anayetafuta usiku wa mji hana haja ya kwenda mbali.

Na mashindano si mageni kwetu. Uganda Press Photo Award ilianza 2012, na imewazoesha wapigapicha wa nchi hii kupeleka kazi zao mbele ya majaji. Kwa miaka mingi tuzo za CNN kwa waandishi wa habari wa Afrika zilikuwa na kipengele cha picha kilichobeba jina la Mohamed Amin, Mkenya aliyefariki 1996 katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro. Wanafunzi na vikundi vya mitaani nao huandaa mashindano yao madogo madogo. Makubwa kwa madogo, yote yana karatasi ya kanuni, na karatasi hiyo inahitaji msomaji makini.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kanuni ya mashindano ya picha ni ahadi kwa mtu ambaye hakuwepo. Mtazamaji anaambiwa: ulichokiona hapa kilitokea, mahali palipoandikwa, katika saa iliyoandikwa. Ukikuta kifungu kinachokutatiza, jiulize kinamlinda nani, na mara nyingi utakuta kinamlinda mtazamaji huyo. Ndiyo maana nasema mwanga uwe wako, tukio lisiwe lako. Unaweza kutawala mwanga kwa ustadi wako wote, ikiwa kanuni inakuruhusu. Kilichotokea mbele ya lenzi huna mamlaka nacho.

Tuanze na kifungu ambacho wengi hukiruka. Kanuni inasema picha ipigwe usiku. Usiku unaanza lini? Hapa Kampala, sehemu ndogo tu ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, jua huzama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache. Linashuka karibu wima, kwa hiyo mwangaza wa machweo haukawii. Kwa hesabu ya wanaastronomia, jua likishafika digrii 6 chini ya upeo wa macho, ule mwanga wa kutosha kusoma gazeti nje umekwisha, na hapa kwetu hilo huchukua dakika 20 na ushei tu. Giza kamili, jua likiwa digrii 18 chini, hufika baada ya saa moja na dakika kumi hivi. London mwezi Juni giza hilo kamili halifiki kabisa, hata saa sita ya usiku.

Sasa fikirieni kijana wa Kansanga aliyepiga picha saa moja na robo, anga la bluu nzito likiwa bado linaonekana nyuma ya kilima cha Muyenga. Wapigapicha wanaipenda sana saa hiyo, kwa sababu anga na taa za madukani zinalingana nguvu. Je, ni usiku? Kanuni ikisema baada ya jua kuzama, ni usiku. Ikisema gizani, jaji mmoja atakubali na mwingine atakataa. Mwandaaji mwenye busara ataandika saa: kuanzia saa moja na nusu ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri, kwa saa za Afrika Mashariki. Na akitaja siku, ataje na tarehe, kwa kuwa wapo miongoni mwetu ambao usiku wa Jumamosi kwao ni ule wa kuamkia Jumamosi, na wapo ambao ni ule unaofuata.

Wewe mshiriki nawe, sahihisha saa ya kamera yako kabla hujatoka nyumbani. Kila faili la picha hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa. Kamera iliyoachwa na saa ya kiwandani itaandika kwamba picha yako ya usiku ilipigwa adhuhuri, na huo utakuwa ushahidi dhidi yako.

Kifungu cha pili ni mahali. Picha ipigwe Kansanga. Mtu akisimama juu Muyenga akaelekeza kamera chini kwenye taa za Kansanga, amefuata kanuni au hakufuata? Na aliyesimama Kansanga akapiga picha taa za Kabalagala? Kifungu hakisemi kama kinahesabu miguu ya mpigapicha au kilichomo ndani ya picha. Ukirudi kwenye swali langu la nani analindwa, jibu linapatikana: mtazamaji anataka kuiona Kansanga. Kwa hiyo ningemkubali wa Muyenga, mradi ameandika aliposimama, na yule wa pili ningemwambia picha yake inahusu Kabalagala.

Msidhani suala la mahali ni dogo. Mwaka 2015 World Press Photo, shirika la Amsterdam linaloendesha shindano mashuhuri kuliko yote ya picha za habari, lilimpa tuzo Giovanni Troilo wa Italia kwa mfululizo wa picha za mji wa Charleroi, Ubelgiji. Katika picha moja watu wawili walikuwa ndani ya gari usiku, na mpigapicha alikuwa ameweka flashi humo ndani. Mabishano yakazuka: je, tukio lilipangwa? Shirika likachunguza, na mwanzoni likaiacha tuzo ibaki. Kilichokuja kuiangusha mwezi Machi ni jambo jingine. Ilibainika kwamba picha nyingine katika mfululizo huo haikupigwa Charleroi, bali Molenbeek, katika jiji la Brussels. Tuzo ikaondolewa. Flashi ilisameheka, lakini jina la mahali lisilo la kweli halikusameheka. Mstari mmoja wa maelezo chini ya picha uliushinda mfululizo mzima.

Sasa tuje kwenye mwanga wenyewe. Kanuni nyingi husema: mwanga uliopo tu, bila flashi. Tusimame mbele ya kibanda cha rolex, kile chakula cha chapati iliyoviringishwa na mayai ambacho Kampala haiwezi kuishi bila yake. Muuzaji ana sigiri ya makaa na kikaango chake cheusi. Anapasua mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu, nyanya na kabichi, anakoroga kwa nguvu, kisha anamwaga. Juu yake balbu moja ya LED inaning'inia kwenye waya. Uso wake una mwanga wa aina mbili: mweupe wa balbu kwenye paji la uso na mwekundu wa makaa kidevuni. Mvuke ukipanda unaishika ile rangi nyeupe kwa sekunde moja hivi, halafu unapotea.

Hapo pana maswali matatu ya kanuni. La kwanza ni la balbu. Umeme wa gridi Uganda una mzunguko wa hertzi 50, na balbu nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiweka shata ya kasi, tuseme sehemu moja ya elfu ya sekunde, picha inatoka na michirizi ya giza. Jaji asiyejua atadhani umeichezea. Ukishuka hadi sehemu moja ya 100 au ya 50, michirizi hiyo hupungua au huisha. Na kama picha uliyoipenda ndiyo yenye michirizi, ipeleke ilivyo na utunze faili lake la asili, litakutetea.

Swali la pili ni la bodaboda. Rafiki yako ana pikipiki, na taa yake ya mbele ingemwangaza muuzaji vizuri mno. Kama dereva alikuwa ameegesha pale akisubiri abiria, taa ikiwaka, huo ni mwanga uliopo, wewe umeukuta tu. Kama umemwambia, ndugu yangu, geuza pikipiki kidogo umulike huku, basi mwanga huo umeuweka wewe, sawasawa na flashi. Picha mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja ikafuata kanuni na nyingine ikaivunja. Hakuna jaji atakayeitambua tofauti kwa macho. Ni wewe na dereva mnaoijua. Kanuni ya mwanga uliopo inategemea uaminifu kuliko kanuni nyingine zote, na ndiyo sababu nawashauri waandaaji waitumie pale tu wanapoihitaji kweli. Kama wanachotaka ni picha nzuri za usiku, waruhusu mwanga wa kuongeza na wadai utajwe.

Swali la tatu ni la muda. Ukiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na kuiacha shata wazi kwa sekunde 10, muuzaji aliyesimama kwenye mwanga atabaki, bodaboda zitageuka mistari, myeupe inayokuja na myekundu inayokwenda, na madereva wenyewe watatoweka. Kuna anayelalamika kwamba huo ni uongo kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuiona barabara hivyo. Nampinga. Kila mstari ule ni taa ya kweli iliyopita pale katika zile sekunde 10, hakuna kilichoongezwa wala kilichofutwa kwa mkono, na mtazamaji anaelewa anachokiona. Kamera imehesabu muda kwa namna yake.

Tatizo gumu zaidi la siku hizi liko kwenye simu. Kanuni za zamani zinasema: picha moja, shata ifunguke mara moja, kuunganisha picha ni marufuku. Lakini tangu 2018 Google, na tangu 2019 Apple, wamekuwa wakiweka kwenye simu zao hali ya usiku, na watengenezaji wengine pia wanayo. Ukibonyeza mara moja, simu inapiga picha nyingi mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine na kuzifanya moja. Kwa maandishi ya kanuni, kila mwanafunzi wa Kansanga aliyetumia hali ya usiku ameunganisha picha. Kwa roho ya kanuni, hakuunganisha: matukio yote yalikuwa mbele yake, mahali pale pale, ndani ya sekunde chache. Kanuni iliandikwa kumzuia mtu anayechukua nyota za Karamoja na kuzipandikiza juu ya paa za Kansanga, ambako taa za mji huzimeza nyota nyingi. Kumwengua mwenye simu kwa kifungu hicho ni kumwadhibu asiye na uwezo wa kununua kamera kubwa. Mimi ningemruhusu, na ningeliandika hilo kwenye kanuni waziwazi.

Ila ruhusa hiyo ina mpaka. Mwaka 2023 Samsung walieleza kwamba baadhi ya simu zao, zikitambua kwamba umeelekeza lenzi kwenye mwezi, hutumia akili unde kuongeza uwazi wa sura ya mwezi huo. Hapo simu inatumia ilichofundishwa kuhusu miezi mingine kukamilisha mwezi wako. Kupunguza chenga za giza ni jambo moja, kuchora kisichopokelewa na lenzi ni jambo jingine. Kama mwezi ndio kiini cha picha yako, zima msaada huo au sema uliutumia.

Tukumbuke pia kwamba kila shindano lina desturi yake. Kituo cha Royal Observatory cha Greenwich, London, kimekuwa na shindano la picha za anga tangu 2009. Huko kupanga picha kumi, mia au zaidi za kitu kimoja cha angani, ili mwanga hafifu ujikusanye, ni kazi ya kawaida inayoheshimiwa. Mtindo huo huo ukiupeleka kwenye shindano la picha za habari utaondolewa. Kwa hiyo usiseme, nilikubaliwa kule. Soma karatasi ya hapa.

Nimesema tukio lisiwe lako. Ushahidi wangu mkubwa unatoka kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, yanayoendesha shindano la mpigapicha bora wa wanyamapori. Mara mbili yameondoa tuzo, na mara zote mbili picha ilikuwa ya usiku.

Mara ya kwanza, José Luis Rodríguez wa Hispania alitwaa ushindi wa jumla wa mwaka 2009 kwa picha ya mbwamwitu wa Ulaya akiruka lango la mbao gizani, mwanga wa flashi ukimkamata angani. Ilikuwa picha ya kukushika pumzi. Januari 2010 majaji waliamua kwamba yaelekea sana mnyama yule alikuwa amefugwa na kuzoezwa, ilhali kanuni zilikataza wanyama wa kukodi. Mpigapicha alikanusha, lakini tuzo iliondoka.

Mara ya pili ni ya Marcio Cabral wa Brazili, mshindi wa kipengele kimoja mwaka 2017. Naomba mwitazame picha hii kwa akili. Ni Hifadhi ya Taifa ya Emas. Usiku una nyota. Kichuguu kirefu kimejaa nukta za kijani, ni mabuu ya mbawakawa yanayong'aa ili kunasa wadudu. Chini yake mnyama mla mchwa amenyoosha pua yake ndefu kuelekea kichuguu. Mpigapicha aliiacha shata wazi kwa muda mrefu ili kupata nyota na ule ung'avu, na akatumia flashi kumpata mnyama. Kila kitu kiliwezekana kiufundi.

Kisha makumbusho yakaletewa picha nyingine: mnyama mla mchwa aliyekufa, akakaushwa na kujazwa, aliyekuwa akionyeshwa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi hiyo hiyo. Wataalamu watano wakalinganisha, kila mmoja kivyake. Waliangalia mabaka, mkao wa mwili na vishungi vya manyoya, na wote wakafikia hitimisho kwamba mnyama wa picha moja na wa nyingine wanafanana mno kiasi kwamba hawawezi kuwa wanyama wawili tofauti. Cabral aliombwa mafaili ya asili. Alileta ya kabla na ya baada, na hakuna hata moja jingine lililokuwa na mnyama ndani yake. Alikanusha kosa, lakini Aprili 2018 picha iliondolewa.

Tazameni sasa majaji waliangalia nini. Hawakumlaumu kwa flashi wala kwa shata ya muda mrefu. Nyota zilikuwa za kweli, kichuguu cha kweli, mabuu ya kweli. Swali lilikuwa moja: yule mnyama alikuja mwenyewe?

Linganisheni na Laikipia, Kenya. Mwaka 2019 Will Burrard-Lucas, Mwingereza, alitoa picha za chui mweusi alizozipiga kwa kamera alizozitega njiani pamoja na flashi na kihisi kinachostuka mnyama akipita. Chui alipojitokeza gizani, mpigapicha hakuwepo. Wapo waliouliza, basi aliyepiga ni nani? Ni yeye, kwa sababu alichagua njia, akapima urefu, akapanga mwanga, kisha akasubiri usiku baada ya usiku. Alitengeneza kila kitu isipokuwa chui na uamuzi wake wa kupita. Tukio halikuwa lake, na hapo ndipo picha ilipopata uzito.

Kwa Kansanga kipimo ni kile kile. Muuzaji wa ndizi za gonja anayepuliza makaa ni tukio. Rafiki yako uliyemvisha aproni, ukamweka nyuma ya meza ya mtu na kumwambia apulize, ni maigizo. Maigizo yana heshima yake, na yapo mashindano yenye kipengele cha picha za ubunifu, yapeleke huko. Kuyapeleka kama maisha ya mtaani ni kumdanganya mtazamaji na kumnyang'anya nafasi kijana aliyesubiri saa tatu kando ya barabara.

Kuhusu kuhariri nitakuwa mfupi. Karibu kila shindano huruhusu kukata kingo, kurekebisha rangi na kuinua giza kwa kiasi. Karibu kila shindano la picha za habari hukataza kuongeza au kufuta kitu. Stepan Rudik wa Ukraine alipoteza tuzo ya World Press Photo mwaka 2010 kwa kufuta kipande cha mguu wa mtu pembeni mwa picha. Mwaka 2015 shindano hilo hilo liliondoa sehemu ya tano ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, baada ya kulinganisha na mafaili ya asili. Kwa hiyo zile nyaya za umeme zinazokatiza juu ya Barabara ya Ggaba, usizifute hata kama zinakukera. Na usiku una mtego wake: ukiyazamisha maeneo ya giza mpaka yawe meusi tii, unaweza kumfuta mtu mzima bila kugusa kifutio. Jaji ana haki ya kuuliza nani alikuwa ndani ya weusi huo. Kuhusu picha zilizotungwa na akili unde, Boris Eldagsen wa Ujerumani aliikataa tuzo yake ya Sony mwaka 2023 ili kuonyesha kwamba mashindano hayakujiandaa. Mwaka huo huo World Press Photo walitangaza kuziruhusu katika kipengele kimoja, wapigapicha wakapaza sauti, na uamuzi ukabatilishwa. Kumbe kanuni mbaya hubadilika wahusika wakisema.

Nimebakiza watu na mali. Watu kwanza. Usiku humfanya mtu aonekane anafanya asilolifanya. Mwanamke anayesubiri matatu Kabalagala, mhudumu anayetoka zamu, mkimbizi ambaye familia yake ingali mikononi mwa serikali aliyoikimbia, hao wote picha moja yenye maelezo ya uzembe inaweza kuwaharibia maisha. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha ya mwaka 2019, na mashindano mengi hudai idhini ya anayetambulika. Hata yasipodai, salimia kwanza. Osiibye otya, nnyabo? Kisha omba. Akikataa, shukuru uendelee na njia yako. Akiwa mtoto, mwombe mzazi. Na kabla hujaisambaza picha, angalia kama simu imeandika ndani yake mahali hasa ilipopigwa.

Mali sasa. Tafuta kifungu cha haki. Kikisema waandaaji wanaweza kuonyesha picha yako katika maonyesho na matangazo ya shindano hilo, jina lako likitajwa, ni haki yao. Kikisema kwa kushiriki umewapa haki zote, milele, dunia nzima, bila malipo, jua kwamba hata ukishindwa umewaachia kazi yako. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya 2006, Kenya ya 2001, Tanzania ya 1999, na zote zinamtambua aliyeitengeneza kazi. Usikiachie kwa saini ya haraka ulichokipata kwa kukesha. Na angalia saa ya mwisho: mwisho ukiwekwa saa 23:59 kwa saa za Greenwich, Kampala itakuwa saa nane na dakika 59 za usiku, na Goma saa saba na dakika 59.

Ndugu zangu waandaaji, mzigo mkubwa uko kwenu. Andikeni saa. Semeni mahali mnapapimaje. Tajeni simu kwa jina na mseme hali ya usiku inaruhusiwa au hairuhusiwi. Daini mafaili ya asili kwa wanaofika fainali, na muwape washiriki anwani ya kuuliza maswali, majibu myatoe kwa wote. Kanuni isiyoeleweka humpendelea anayewajua waandaaji.

Nanyi wapigapicha wa Kansanga, kazi yenu ni kubwa kuliko kikombe na cheti. Kuanzia mwisho wa Machi 2020 hadi tarehe 24 Januari 2022 usiku wa Uganda ulikuwa chini ya amri ya kutotoka nje. Wanaotaka kujua Barabara ya Ggaba ilikuwaje katika giza lile, wachuuzi wakiwa wameondoka na vilabu vimefungwa, watategemea picha zilizopigwa kweli, saa ya kweli, mahali pa kweli. Picha zenu za leo zitaulizwa swali hilo hilo. Kwa hiyo someni kanuni yote kabla hamjatoka. Pale iliponyamaza, ulizeni kwa maandishi. Tunzeni faili la asili, na andikeni maelezo usiku ule ule, kabla kumbukumbu haijaanza kupamba. Mkishinda hivyo, hakuna atakayekuja baadaye kuwavua tuzo.